Ukuta wa Athumani na Maziwa Yako

Lomayani mwanangu,

Blanketi nimelikunja, viazi vya kuchemsha vimo kwenye kapu, na mambo ya kunawa, kusali na kutopigana na watoto wa Moshi umeyasikia wiki nzima mpaka masikio yako yameota sugu. Barua hii si ya hayo. Umelala, baba yako amelala, na nyinyi wawili mnakoroma kwa zamu. Acha niandike. Gari la ng'ombe litakuchukua alfajiri, na najua alfajiri sitaweza kusema neno hata moja lenye maana.

Nataka kukuambia juu ya mjomba wako Athumani. Kwamba si ndugu yangu unajua, macho unayo. Yeye ni mtu wa Tanga, Mwislamu wa swala tano, na mimi ni Mwarusha wa hapa Sekei. Usilolijua ni kwamba kabla hajawa mjomba wako alikuwa mshitaki wetu. Alitupeleka boma, ile ngome ya serikali, mbele ya Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa akiamua kesi, akatushinda, na akamchukua ng'ombe aliyekuwa akikunyonyesha. Nimeandika akikunyonyesha na sijakosea.

Unakwenda kujifunza uashi. Siku moja utajenga nyumba ya mtu na mtu huyo atakataa kukulipa kwa sababu ukuta umeinama. Au wewe ndiwe utakuwa mwenye nyumba, na fundi amesimama mlangoni anadai chake. Siku hiyo ningependa uwe umeshaisikia hadithi hii kwangu. Baba yako hatakuambia. Akisikia tu neno boma hukumbuka kwamba kuna uzio wa kurekebisha. Athumani mwenyewe nilimwomba ruhusa juzi, akanijibu, "Mwambie yote, lakini ukuta wangu usiutie chumvi." Basi sitautia. Hauhitaji.

Wakati boma linajengwa, wanaume wa Sekei walitolewa kwa zamu kubeba mawe na chokaa, wapende wasipende. Wenzake baba yako walirudi nyumbani na hasira. Baba yako alirudi na hasira na tamaa ya nyumba ya pembe nne. Akawa halali. Alikuwa akichora pembe kwenye majivu kwa kijiti, anazifuta, anazichora tena, mimi namtazama huku namhurumia. Huku kwetu nyumba ilikuwa ya duara, na kuikandika ilikuwa kazi ya wanawake. Mama yangu alinifundisha ningali mdogo: unachanganya udongo na samadi mbichi ya ng'ombe, unakanda kwa mikono mpaka ishikane, unapaka, na ukuta unakauka bila ufa. Lakini nyumba ya pembe nne, alisema baba yako, ni kazi ya fundi.

Na fundi alikuwepo. Athumani alikuja na mafundi wa pwani waliolijenga boma. Kazi ilipokwisha wenzake walirudi kwao, yeye akabaki Kijenge kutafuta vibarua. Sauti yake ilikuwa ikifika kabla yake. Alisema amejenga nyumba za Waarabu, nyumba za Wahindi, na ngazi moja ya Mzungu. Hiyo ngazi tuliisikia sana. Nakwambia kwa mapenzi, maana unajua ninavyompenda: alikuwa fundi wa mdomo zaidi ya mikono. Milango aliiweza. Paa aliliweza kabisa. Kuta, Mungu amsamehe.

Siku ya mapatano alikuja nyumbani, na majirani wawili wakaitwa wawe mashahidi. Rupia hatukuwa nazo, na Athumani hakuzitaka. Alisema amejifunza kwamba katika nchi hii mtu asiye na ng'ombe hasalimiwi, na yeye amechoka kutosalimiwa. Baba yako akamwonyesha mtamba mweusi ambaye hajazaa bado, jina lake Narok. Ule ugonjwa wa sotoka ulikuwa umemaliza ng'ombe wa nchi, na Narok alikuwa ndiye mali yetu yote yenye miguu minne, ukiacha mbuzi. Athumani akamshika nundu, akasema, "Huyu." Baba yako akasema, "Huyu." Hayo ndiyo yalikuwa maandishi yao.

Ila baba yako aliongeza sharti. Alisema atamtoa ng'ombe mvua ya kwanza ikipita na kuta zikisimama. Sharti zuri sana, la mtu mwenye akili. Tatizo ni kwamba alilisema moyoni. Mdomoni alisema "Huyu," na watu wakanywa togwa wakaondoka.

Kazi ikaenda vizuri mpaka siku ya kukandika. Asubuhi nilimpelekea kapu la samadi mbichi, zuri, bado lina moshi. Athumani aliruka nyuma. Wakati huo Kiswahili nilijua maji na chumvi, na siku hiyo nikajifunza neno langu la tatu, ambalo ni najisi. Baba yako alinifasiria: kwa dini yake samadi haiguswi, na akiigusa itabidi ajitoharishe ndipo asali, na yeye anasali mara tano, kwa hiyo kutwa nzima itakwenda kwenye kuoga. Akakanda udongo mtupu na majani yaliyokatwakatwa, kama wanavyofanya kwao. Nikamwambia baba yako kwamba udongo wetu si wa Tanga, ukikauka peke yake unapasuka. Baba yako akaniambia nimwachie fundi kazi yake. Mtu aliyejenga ngazi ya Mzungu atashindwa na udongo?

Tukahamia. Sikufichi, nilifurahi. Ulizaliwa humo ndani, na nakumbuka nikikutazama nikifikiri kwamba mwanangu ameiona dunia kwa mara ya kwanza ikiwa na pembe nne. Kisha vuli ikanyesha. Ukuta wa upande wa mlima ukapata ufa, ufa ukapata watoto, na asubuhi moja pembe ya chini ikamong'onyoka yote ikaangukia vyungu vyangu. Athumani ana methali anayoipenda sana, umeshaisikia mara ngapi sijui, ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa unajua kwa nini nikimsikia huwa nacheka mpaka nakohoa.

Akaja kuchukua ng'ombe wake. Baba yako akamwonyesha ukuta. Athumani akautazama, akakuna kidevu, akasema ataurekebisha wiki ileile, na ng'ombe aondoke naye leo. Baba yako akasema ng'ombe haondoki na ukuta hataugusa tena mtu aliyeuharibu. Basi wakaachana vibaya.

Hapo ndipo mimi ninapoingia. Nilikuwa nimetoka kuugua homa kali, ile ambayo watu walikuja kunitazama wakiwa na nyuso za msiba. Nilipona, lakini maziwa yangu yalikauka. Ukanyonya hewa, ukalia, ukaanza kunyauka mbele ya macho yangu. Na siku hizohizo Narok akazaa. Kumbe alipoonyeshwa mbele ya mashahidi alikuwa ameshashika mimba, hakuna aliyejua. Nikamkamua, nikapasha maziwa moto, nikayachanganya na maji, nikakunywesha kwa kibuyu kidogo. Siku chache baadaye shingo yako ilikuwa imesimama.

Kwa hiyo baba yako alipouliza, tufanye nini na yule mtu wa Kijenge, mimi ndiye niliyesema, tusimpe. Ukuta ulikuwa mbovu kweli. Lakini sikuwa nikifikiria ukuta hata kidogo. Sijutii, Lomayani. Mama akiwa na ng'ombe mmoja na mtoto mmoja, usimuulize ng'ombe ni wa nani. Ningefanya tena kesho asubuhi. Ila ningefanya kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo ninayotaka uende nayo Moshi.

Athumani alirudi na shahidi wake. Baba yako hakutoka ndani. Akarudi tena, safari hii akasema kwa sauti mlangoni kwamba anakwenda boma. Tukadhani ni mdomo ule wa ngazi. Siku chache baadaye akaja askari kumwita baba yako kwenye shauri, na baba yako akaenda kujificha kwa jamaa zake Engutoto. Askari alipokuja mara ya pili aliniambia kupitia jirani kwamba asiyeitikia wito hupelekwa kwenye mnyororo, na wale wa mnyororo tulikuwa tukiwaona kila siku wakichimba barabara, wamefungwa shingo kwa shingo. Nikaenda Engutoto mwenyewe, wewe mgongoni, nikamrudisha baba yako.

Shauri lilisikilizwa uani pa boma. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti kivulini, mkalimani amesimama kando yake, na watu wamekaa chini. Wanawake tulikuwa nyuma kabisa. Jirani mmoja aliyejua lugha alikuwa akininong'oneza yanayosemwa, na mengi niliyaelewa kwa nyuso tu.

Bwana Shauri alianza na baba yako. Akauliza kama nyumba ilikwisha. Baba yako akasema ilikwisha vibaya. Akaulizwa anaishi wapi sasa. Baba yako akasema anaishi humohumo. Watu wakacheka, hata askari. Akaulizwa kama alimwambia fundi kwamba malipo yatangoja mvua. Baba yako ni mtu mkweli, na ukweli wake umemgharimu maisha yote. Akasema, "Nilijiambia mwenyewe." Mkalimani alirudia swali, akidhani hakusikia vizuri, na baba yako akalirudia jibu lilelile.

Kisha akaulizwa Athumani. Mimi nilikuwa nimeshamtayarishia laana, nangoja tu aanze kusema ukuta ni mzima, mvua ndiyo mbaya, au wachawi. Mtu mwenye mdomo ule angeweza kuusifu ukuta mpaka Bwana Shauri akatamani kuununua. Akasimama, akavua kofia, akasema maneno ambayo baba yako amenirudishia mara nyingi, tena kila mara kwa namna ileile.

"Ukuta ni mbaya, bwana. Nimeujenga mimi na ni mbaya. Sikuja hapa kwa ajili ya ukuta. Amenikataza nisiurekebishe na amekataa kunilipa kwa kuwa haujarekebishwa. Achague moja."

Mkalimani alimtazama kama anataka kuhakikisha kwamba anajua ametamka nini, maana alikuwa ameungama mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumchapa viboko. Siku ile nilimchukia Athumani kwa moyo wangu wote, lakini masikio yangu yalisimama. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu anakwenda kudai haki yake akiwa ameanza kwa kusema kosa lake.

Hukumu nitakuandikia kama nilivyoielewa baadaye, baada ya Athumani kunieleza polepole, maana hukumu ile ndiyo sheria peke yake niijuayo. Nyumba ukishahamia umeipokea. Huwezi kulala ndani yake usiku na mchana ukasema hujapewa nyumba. Ubovu unabaki kuwa ubovu, na fundi anadaiwa aurekebishe, lakini lazima umwite aje aurekebishe, na akija umwachie. Ukimfungia mlango, ubovu unageuka kuwa wako. Na kama unataka kuzuia malipo, zuia kadiri ya kilichoharibika. Ukuta mmoja haumezi ng'ombe mzima. Baba yako angekwenda yeye kwanza kwenye baraza, siku ile pembe ilipoanguka, akaomba watu waje wautazame ukuta, huenda angepunguziwa kitu. Lakini yeye alijifanya hakimu nyumbani kwake, halafu akajificha Engutoto, na hakimu hajifichi.

Basi Athumani akaamriwa ajenge upya ule ukuta. Narok akatajwa kuwa ni wake tangu siku aliyoshikwa nundu. Baba yako akasema, sawa, mtamba ni wake, lakini ndama hatukupatana. Akajibiwa kwamba ndama alikuwa tumboni mwa mali ya mtu, na kuzaliwa kwenye zizi lako hakumfanyi kuwa wako. Hilo lilituuma kuliko yote, na ndilo nitakalo ulikumbuke: unachokizuia cha mtu kinaendelea kuwa cha mtu. Kikinenepa, kimenenepa kwake. Juu ya hayo tukatozwa mbuzi dume kwa kutoitikia wito.

Mwisho Bwana Shauri akamuuliza baba yako kama ana neno lingine. Nilikuwa nimekubeba kifuani, na kutoka nyuma kule nilikuwa naona mabega yake tu. Neno lilikuwepo. Neno lilikuwa wewe. Lakini mwanamume wa Kiarusha aseme mbele ya watu wa pwani na askari kwamba mkewe hana maziwa, na kwamba anamlisha mwanawe kwa ng'ombe wa deni? Akasema hana neno.

Athumani akaja asubuhi yake na kamba. Mimi nilikuwa nimechuchumaa namkamua Narok kwa mara ya mwisho, wewe uko chini kwenye ngozi unalia kwa njaa. Alisimama kando mpaka nikamaliza. Aliona maziwa yakiingia kwenye kibuyu kidogo, aliona kibuyu kikiingia kinywani mwako, aliona ulivyokiparamia. Kisha akamfunga Narok kamba, ndama akafuata mama yake, wakateremka kuelekea Kijenge. Nilimwambia neno baya sana kwa lugha yetu. Nashukuru hakulielewa.

Siku ile nilikupa uji mwepesi wa ndizi, ukatapika. Nikakupa tena, ukatapika. Nikaenda kwa majirani, na waliokuwa na ng'ombe wa maziwa walikuwa wawili tu, kila mmoja na watoto wake wanamtazama mdomoni. Mmoja akanipa maziwa ya kujaza kifuniko cha kibuyu tu. Jioni hukuwa ukilia tena, na ukimya wako ulinitisha kuliko kilio. Baba yako alikaa nje akiutazama ukuta ulioanguka. Sikumlaumu. Sikuwa na nguvu za kumlaumu mtu.

Kulipokucha nilisikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Athumani, amebeba kibuyu kikubwa kimefunikwa kwa jani la mgomba. Akakiweka kizingitini, akageuka, akaondoka. Maziwa yalikuwa bado ya moto. Nilijua ni ya Narok kwa harufu, utacheka, lakini nilijua. Ukanywa ukalala. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Kila siku alipanda kutoka Kijenge mpaka Sekei na kibuyu chake kabla ya kwenda kazini, mvua ikinyesha, matope mpaka magotini. Salamu zake zilikuwa kukohoa tu. Baba yako siku za kwanza alikuwa akitokea mlango wa nyuma akimwona anakuja. Halafu akaanza kubaki. Halafu siku moja nikamkuta amemshikia kibuyu ili avuke mfereji, na nikajifanya sikuona.

Ng'ombe hakumrudisha, usifikiri hivyo. Ng'ombe alikuwa wake, alimpata kwa kushinda shauri boma mbele ya watu, na alimfuga vizuri mpaka leo uzao wa Narok umejaa zizi lake pale Kijenge na watu wanamsalimia kutoka mbali. Ninampenda kwa hilo pia. Mtu mwingine angetaka sifa, angemrudisha ng'ombe mbele ya mashahidi, na sisi tungekuwa watumwa wa wema wake maisha yote. Yeye alichukua haki yake yote, hakuacha hata ukwato. Kisha akaleta maziwa.

Ukuta nao aliujenga. Mvua zilipokatika alikuja na fito zake, akabomoa upande wote mpaka chini, wala hakungoja kukumbushwa hukumu. Siku ya kukandika ikafika. Tukatazamana. Nikaenda kuchota samadi. Yeye akakanda udongo mtupu akaniletea, akakaa mbali, mimi nikachanganya, nikapaka. Nikifika mahali pa juu nisipopafikia, alinishikia kigoda huku amegeuza uso upande wa mlima. Kazi hiyo ilituchukua siku nyingi kwa jinsi tulivyokuwa tukizungukana, na Kiswahili hiki ninachokuandikia ndipo nilipoanza kukipata. Shule ya misheni ilikuja baadaye ikanipa herufi. Maneno nilipewa na Athumani ukutani. Alipomaliza kuutazama ule ukuta, akanyoosha mkono auguse, akakumbuka, akaurudisha, akaniambia mimi ndiye fundi na yeye ni msaidizi wangu. Hajawahi kuacha kulisema hilo mbele za watu. Ndiye pia aliyekutafutia nafasi kwa mwashi wa Moshi. Alimwambia yule mwashi, "Mfundishe kuta, maana mimi nitamharibu." Unajua wangapi wanaoweza kusema hivyo juu ya kazi yao wenyewe? Mimi namjua mmoja.

Mwanangu, utajenga ukuta mbaya. Wote hujenga. Siku hiyo nenda kasimame mwenyewe mbele ya mwenye nyumba useme ni mbaya, kabla hajakuita. Na ukiwa na sharti, litoe moyoni ulitie mdomoni kazi ikiwa bado haijaanza, watu wakisikia. Zaidi ya hapo sina, kwa maana mengine nakutazama tu na naona unayo. Una mikono yangu na ukweli wa baba yako. Namwomba Mungu akuzidishie mdomo kidogo, wa Athumani, usizidi nusu.

Kitu kimoja kimebaki. Ukuta ulipokwisha nilikuwa nimeshapata maneno ya kutosha kumuuliza jambo lililokuwa likinikera. Alikuwa ananawa miguu mferejini, wewe umekaa kando yake unapiga maji kwa viganja. Nikamuuliza kwa nini alitupeleka boma, akamhatarisha baba yako kufungwa mnyororo, kwa ajili ya ng'ombe ambaye maziwa yake anatuletea mwenyewe kila asubuhi.

Akanawa mguu wa pili. Kisha akasema:

"Ng'ombe mlininyima, shemeji. Maziwa hamkuniomba."

Lomayani, nilikaa pale mferejini nikalia, na yeye akawa ananiambia pole akidhani ameniudhi. Miezi yote ile, kwa jinsi shingo yako ilivyokuwa inaning'inia, kwa hofu yote ile, mimi na baba yako tulipanga kila kitu. Kuficha, kukataa, kukimbilia Engutoto. Kumwendea mtu huyu Kijenge tukamwambia, fundi, mtoto wetu anakufa, hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Alfajiri ukipita Kijenge utamkuta amesimama njiani. Mwombe chochote.

Mimi yeyo wako, mama yako,
Sekei